Nyuzi Nilizowapimia Wanamuziki

Ninyi vijana mnaosomea ushonaji hapa Kikima mna tabia moja: mkiingia nyumbani kwa mzee, macho yenu yanapekua kila pembe kabla mdomo haujamaliza salamu. Juzi mmoja wenu, msichana mpole tu, alikuwa kwangu akinywa chai. Akauona ule mkebe wa majani ya chai juu ya kabati, umejaa nyuzi za katani hadi kifuniko hakishiki. Akaniuliza kama zamani nilikuwa nikifunga mbuzi. Nilicheka hadi nikapaliwa, nikamwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Sikumjibu. Alipoondoka niliona vibaya, kwa hiyo namjibu sasa, na ninyi wengine mkae msikie.

Zile nyuzi ni watu. Nilishona zaidi ya miaka arobaini, na katika wote niliowashonea, niliowapenda zaidi walikuwa wanamuziki wa bendi moja iliyoitwa Wendo Sound. Wendo kwa Kikamba ni upendo, nawaambia kwa sababu najua wengine wenu mmezaliwa Nairobi. Bendi yenyewe haipo tena. Kilichobaki kwangu ni nyuzi tano na vitu vidogo vilivyofungwa kwenye ncha zake, na mmoja kati ya nyuzi hizo uliniponza mwaka jana, nikiwa nimestaafu, nikidhani nimeshamaliza makosa yote ya kazi.

Nianze na aliyenifundisha. Mzee Kithome hakuingia darasani hata siku moja. Namba hakuzijua, na tepu ya kupimia hakutaka kuiona kwenye veranda yake. Mke wake alikuwa akisokota katani juu ya paja, ileile ya kusukia vyondo, vikapu vyetu vya Kikamba, na Mzee Kithome alikata uzi mrefu kwa kila mteja. Alianzia kwenye ncha moja kila mara. Anazungusha shingoni, anafunga fundo. Anarudi kwenye ncha ileile, anapima kutoka bega hadi bega, anafunga fundo la pili. La tatu ni mkono, la nne ni urefu wa shati, la tano ni mzunguko wa kifua. Mafundo matano, na mtu mzima yumo. Mwisho anafunga kwenye ncha kipande cha kitambaa cha mteja huyo ili ajue uzi ni wa nani, kisha anautundika kwenye msumari ukutani. Niliwahi kuona mtu akituma salamu kutoka Mombasa kwamba anataka shati la harusi ya ndugu yake, na Mzee Kithome akanyoosha tu mkono ukutani, akaanza kukata kitambaa.

Alikuwa na sheria zake. Mteja akioa, uzi wake unatupwa. "Mwanaume akianza kula chakula ya bibi yake, huyo ni mtu mwingine," alisema, na alisema kweli, mimi mwenyewe ni ushahidi. Mteja akitoka hospitali, pima upya. Akitoka jela, pima upya. Na sheria kubwa kuliko zote ni hii: usimpime mtu akiwa amesimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mpime akiwa kazini. Mwalimu ainue mkono kama anayeandika ubaoni. Mama wa sokoni ainame kama anayepanga nyanya. Wateja walicheka, wengine waliona aibu, lakini shati la Mzee Kithome halikupasuka kwapani.

Siku hizi macho yangu hayaoni tundu la sindano. Alasiri, ukungu wa milima ya Mbooni unaposhuka hadi mlangoni na soko likawa sauti tu bila watu, nautoa uzi mmoja mkebeni na kuupitisha kati ya vidole. Fundo la shingo. Fundo la mabega. Nikifika kwenye mkono, mwenyewe ameshakuja. Simwoni uso vizuri, lakini najua upana wake, najua anavyojaza mlango, najua bega lipi liko chini. Nakaa naye hivyo hadi mtu abishe hodi au usingizi unichukue. Mke wangu husema nimeanza kuota mchana. Ni kweli, na sioni ubaya wake.

Wendo Sound walikuwa wakifanya mazoezi nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, hatua chache kutoka veranda yetu. Mpiga gitaa la solo alikuwa Mutinda, kijana kutoka Kabati, upande wa Kitui, aliyekuja Kikima kukaa na shangazi yake. Alipenda kukaa kwenye benchi letu akingoja kinu kinyamaze. Siku ya kwanza hakunisalimia hata. Alisikiliza cherehani yangu kwa muda, halafu akasema, "Fundi, hiyo mguu yako inakimbia. Unaanza pole, ukifika katikati unakimbia kama mtu ameona nyoka."

Nilikasirika. Nani alimwomba maoni? Lakini Mzee Kithome aliinua pindo nililokuwa nimeshona, akalinyoosha kwenye mwanga, akaniangalia. Mishono ya mwanzo ilikuwa midogo na mizuri, ya katikati ilikuwa mirefu, imetawanyika. Tangu siku hiyo Mutinda alikuwa akinipigia gitaa taratibu nami nikikanyaga kwa mwendo wake. Nawaambia hivi kwa sababu mnashona na mashine za umeme zinazokimbia zenyewe: mshono mrefu ushone ukiimba kimoyomoyo. Chagua wimbo usio na haraka. Mguu utatii.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki, mimi na Mutinda. Nilimpenda kama ndugu, na zaidi ya hayo nilimwona mtu mkubwa. Gitaa lake lilipoanza kuongea, watu waliacha biashara zao. Sikuwahi kumwambia.

Bendi ilipopata mwaliko wa kwanza wa kupiga siku ya soko, waliamua kushona sare. Mashati ya rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, mikono mirefu, kola pana. Mzee Kithome alikuwa msibani, na mimi nikasema kazi ndogo hiyo. Nikawapanga wale watano mstari mmoja, wamesimama wima, nikawapima haraka haraka. Nikafunga mafundo, na kwenye kila ncha nikafunga kipande cha kitambaa kama nilivyofundishwa. Nikazitundika nyuzi zangu, nikaenda kulala nikijipongeza.

Asubuhi nilizishusha ili nianze kukata, ndipo nikaona. Nyuzi tano, vipande vitano vya kitambaa, vyote damu ya mzee.

Wenyewe walikuwa pale nyuma ya kinu. Ningeweza kuita tu, waje nipime tena, wacheke, yaishe. Lakini kijana fundi ana haya kuliko akili. Nikaamua kukisia. Na nilivyokisia, hadi leo nikikumbuka najishika kichwa: uzi mkubwa kuliko zote niliufanya wa Mutinda. Kichwani mwangu Mutinda alikuwa mkubwa. Kumbe alikuwa kijana mfupi, mwembamba, ila hukumwona hivyo akiwa na gitaa. Uzi ule ulikuwa wa Musembi, mpiga ngoma, jitu la watu, ambaye kila siku nilimwona ameketi tu.

Siku ya soko, shati la Mutinda lilifika magotini na mikono ilimeza vidole. Musembi naye alijibana ndani ya la Mutinda, na alipoanza kupiga ngoma vifungo viliruka kimoja kimoja. Mama mmoja wa viazi aliokota viwili. Nilijificha nyuma ya magunia nikiomba ardhi ifunguke. Mutinda alitazama mikono yake, akaikunja hadi kwenye viwiko, akapiga gitaa siku hiyo kuliko siku zote. Wiki iliyofuata vijana watatu walikuja verandani wakitaka "shati ya magoti kama ya Mutinda."

Mzee Kithome aliporudi hakunigombeza. Alinipa wembe, akaniambia nifumue mashati yote matano, mshono kwa mshono. Nilipomaliza akasema, "Kitambaa ni ya bendi. Funga kitu ya mtu."

Ndiyo maana nyuzi zangu ziko vile. Nilimwendea kila mmoja nikamwomba kitu chake kidogo. Mutinda alinipa kipande cha waya wa gitaa uliokatika. Musembi, kibanzi cha fimbo ya ngoma. Mwimbaji, ambaye jina lake ni Kioko na ambaye hakuwahi kupanda jukwaani bila kuchana nywele mara tatu, alivunja jino moja la kitana chake akanikabidhi kama anayetoa sadaka. Mpiga besi alinipa njiti ya kiberiti aliyokuwa akitafuna, nami nikaiosha. Mpiga rithimu alinipa kifuniko cha soda. Halafu nikawapima upya, safari hii kila mmoja na chombo chake, wakipiga.

Hapo ndipo nilipojifunza kumshonea mpiga gitaa. Chukueni hii, hamtaipata kwenye kitabu. Mkono wake wa kulia unapita juu ya gitaa, kwa hiyo mgongo wa kulia unavutwa. Ongeza nafasi ya vidole viwili nyuma ya bega hilo. Bega la kushoto linabeba mshipi wa gitaa. Weka kitambaa mara mbili kwa ndani, la sivyo shati litalika kabla ya mwaka. Vifungo vifiche ndani ya ukanda wa kifuani, kwa sababu vikikaa nje vinakwaruza mgongo wa gitaa, na mpiga gitaa anaweza kukusamehe kumtukania ndugu yake lakini hawezi kukusamehe hilo. Mashati hayo yakawa jina langu. Bendi za mji wa Wote na za Kitui mjini zilikuja Kikima kutafuta fundi wa vifungo vya kufichwa.

Niliwahi kusafiri nao mara moja, hadi Makindu. Walipiga mchana kutwa kwenye jua lile, na walipomaliza hakuna aliyekuwa amekula. Mtu akatuambia kwamba kwenye hekalu la Masingasinga kila mgeni hulishwa, bila kuulizwa ni nani. Tulipofika mlangoni tukaambiwa tufunike vichwa. Mimi nilikuwa na mabaki ya kitambaa mfukoni, fundi hakosi, nikawafunga vichwa vyote vitano kwa damu ya mzee, na changu pia. Tukaketi chini kwenye mstari pamoja na madereva wa malori na familia zilizokuwa zikielekea pwani. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alimimina dengu kwenye sahani ya Mutinda mara tatu, na mara ya tatu Mutinda akagonga ukingo wa sahani kidogo kwa vidole, mdundo wa wimbo wao, na yule mzee akatikisa kichwa akifuata. Kipande cha kitambaa nilichomfunga Mutinda ninacho, kina doa la dengu hadi leo. Nimekifua mara mbili tu, bila sabuni, kwa makusudi.

Sina haja ya kuwaeleza jinsi bendi ilivyokwisha. Zilikwisha zote. Musembi alikufa, Kioko aliokoka akawa anaimba kwaya huko Mwingi, wengine sijui. Mutinda alirudi Kabati akaoa, akalima. Mke wake, Mama Mwende, ni kiongozi wa kina mama kanisani, mtu wa msimamo. Alipoingia nyumba ile gitaa lilitoka sebuleni. Mutinda hakulalamika. Aliniambia kwa simu, "Nzioka, mimi nimenyamaza tu, si kufa." Tulipigiana simu kila Jumapili jioni, miaka na miaka, tukicheka mambo yaleyale.

Kisha akaugua. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Sauti yake kwenye simu ilianza kukonda. Nilisema nitaenda kumwona mvua ikiisha. Ikaisha. Nikasema baada ya mavuno. Siku zote nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikutaka kumwona Mutinda akiwa mdogo.

Jumapili moja akasema, "Nishonee shati."

"Shati gani?"

"Wewe nawe. Ile yetu. Damu ya mzee, vifungo ndani." Akapumzika kidogo. "Nataka kuvaa yangu kabla hawajanivalisha ya kwao. Lakini fanya haraka, fundi. Hii si mambo ya kungoja."

Nilielewa. Nilifungua cherehani iliyokuwa imefunikwa tangu nistaafu. Mke wangu alinitungia uzi kwenye sindano. Na kipimo? Kabati si mwisho wa dunia. Ningeenda siku moja, nimpime, nirudi. Badala yake nilifungua mkebe nikatoa uzi wake, ule wenye waya wa gitaa, wa siku zile kabla hajaoa. Mtu ambaye ameoa, amezeeka, ametoka hospitali mara mbili. Sheria zote za Mzee Kithome nilizikanyaga kwa uzi mmoja, nikijua. Nilishona usiku na mchana kwa furaha. Kila fundo nililogusa lilinipa Mutinda wa nyuma ya kinu, na huyo ndiye niliyetaka kumshonea.

Shati lilitoka zuri. Nasema bila aibu, lilikuwa zuri kuliko lile la kwanza.

Nilifika Kabati kama saa nne asubuhi. Mutinda alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, blanketi magotini, na Mama Mwende kando yake kwenye mkeka akisuka kyondo. Nilimtambua kwa macho tu. Kila kitu kingine kilikuwa kimepungua.

"Nata, Nzioka?" alinijulia hali kwa Kikamba.

"Nesa," nikajibu kwamba ni njema.

"Kwani ulikuja kwa miguu? Nimekungoja tangu mvua ile ingine."

Tukacheka. Nikalifungua shati, na uso wake ukawaka. Mama Mwende alimsaidia kuvaa. Tulipomaliza kufunga vifungo vya ndani tukarudi nyuma kidogo kumtazama. Kola ilisimama mbali na shingo. Mabega yalikuwa yameshuka hadi katikati ya mikono. Kifuani ungeweza kuingiza mtu wa pili.

Mutinda alijitazama kwa muda mrefu. Alishika kitambaa kilicholegea, akakikunja polepole kwa vidole.

"Hii ulishonea nani?"

"Wewe."

"Hapana. Huyu namjua, tulikuwa tunakaa na yeye." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Huyu ulimshonea vizuri sana. Mimi uliniogopa."

Nilianza kujieleza. Nikasema umbali, nikasema macho, nikasema uzi wa zamani.

"Uzi ya kabla nioe? Mzee Kithome angekuchapa." Akanyoosha mkono. "Nipime."

Sikuweza. Nilisimama pale mikono imekufa. Kwetu seremala wa majeneza naye huja na kipimo, na mimi nilihisi kwamba nikimzungushia rafiki yangu uzi, nitakuwa nimekubali. Nikamwambia atachoka. Nikamwambia nitapunguza kwa kukadiria.

Mama Mwende aliweka kyondo chini. Alivuta uzi mmoja mrefu wa katani kutoka kwenye fungu lake, akaukata kwa meno, akanipa. "Fundi, mpime," alisema. "Kama hutaki, leta nimpime mimi. Lakini asikae hivi ndani ya nguo ya mtu mwingine."

Niliuchukua. Nikapiga magoti ili nianze shingoni, na Mutinda akanizuia.

"Kazini," alisema. "Si ndio sheria?"

Nilimtazama Mama Mwende. Aliinuka, akaingia ndani. Tulisikia sanduku likivutwa. Alirudi na gitaa limefungwa kwenye leso mbili, safi, halina vumbi hata chembe, kumbe miaka yote hiyo alikuwa akilifuta. Alimvalisha mshipi begani mwenyewe.

Waya mbili zilikuwa zimekatika. Mutinda aliweka vidole kwenye nne zilizobaki, akatafuta, akakosa, akatafuta tena. Halafu ukaja ule wimbo wao wa taratibu, wa kwanza niliowahi kukanyagia cherehani. Ulikuja kidogo kidogo, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Mimi nilifunga fundo la shingo. Nilifunga la mabega, na bega la kulia lilikuwa bado linajua kazi yake, lilikuja mbele vilevile. Nilipokuwa kwenye mkono nilisikia sauti ya mwanamke ikiitikia, chini chini, pale ambapo zamani Kioko alikuwa akiitikia. Mama Mwende alikuwa ameketi mkekani ametazama kyondo chake. Alijua maneno yote.

Sikuinua kichwa. Nilifunga la urefu, nikafunga la kifua, na machozi yalikuwa yakinitoka hadi kwenye katani, na sikuona haya.

Nilikaa Kabati siku mbili. Nililifumua shati lote kwa wembe na kulishona upya kwa mkono, kwenye mkeka ule, yeye akinitazama na kunikosoa. Aliniambia mshono wangu unakimbia. Nikaushona tena. Tulikula muthokoi ya mahindi na maharagwe, tulicheka mambo ya Makindu, na safari hii alicheka mwenyewe, si yule wa kwenye simu. Siku ya pili alasiri alilivaa. Kola ilikaa shingoni. Bega lilikaa begani. Alikuwa mzee mdogo, mwembamba, amevaa vizuri, na nilipomtazama sikumtafuta mwingine.

Alilivaa karibu kila siku, Mama Mwende akilifua asubuhi na kulianika kwenye upepo. Majuma matatu baadaye nilipigiwa simu.

Siku ya mazishi wanaume wa kanisa walileta suti nyeusi, nzuri, kwa nia njema, na mmoja akasema kwamba lile shati jekundu ni la mambo ya dunia. Mama Mwende aliwashukuru. Akawaambia, "Hiyo suti mpeni mtu itamtosha. Huyu ako na yake." Mchungaji akafungua Biblia.

Baada ya kaburi kufunikwa niliketi na wageni chini ya turubai. Uzi ule mpya ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeshaufungia kipande cha kitambaa cha shati lile, na nilitaka ukae mkebeni kando ya ule wa zamani. Mama Mwende akaja na birika, amevaa sare yake ya kina mama, akanijazia kikombe, akabaki amesimama.

"Fundi, ile uzi uko nayo?"

Ningeweza kusema nimeuacha Kikima. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Niliutoa mfukoni, na vidole vyangu vilichelewa kidogo kuuachia.

Aliweka birika chini. Akaupitisha uzi kati ya vidole taratibu, shingo, mabega, mkono, urefu, akafika kwenye fundo la kifua na kulishika hapo kwa muda. Kisha akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wake, akaufunga kwa meno, akashusha mkono wa gauni juu yake. Akachukua birika, akaenda kuwapa chai wengine.